Tulivyolimalizia Paa la Mzee Guo

Tuanze na misumari, maana najua hata sasa mnaposoma haya mifuko yenu imejaa misumari.

Mimi nilikuwa mtu wa misumari. Nimepiga kenchi za mapaa kuanzia Mpwapwa hadi Kondoa, nyumba za watu, makanisa, misikiti, madarasa, na kila nilipopita niliacha misumari ya kutosha kufungulia duka. Ubao ukikataa kukaa, naongeza msumari. Ukizidi kukataa, naongeza mwingine. Mke wangu hakufua suruali yangu hata moja bila kuipekua kwanza, kwa sababu aliwahi kuchomwa.

Sasa nimestaafu. Mgongo umesema basi, niko kwangu Nzuguni nafuga kuku. Lakini nyinyi mnaojifunza useremala hamkomi kuja kuniuliza habari za lile jumba la mbao kule mlimani, lenye nguzo nyekundu na paa lililoinua pembe zake. Mnauliza kama ni kweli halina msumari. Mnauliza pia kwa nini tulioumaliza upande wa magharibi ni sisi na si Wachina. Nimeona niyaandike, nisije nikamsimulia kila mtu kwa namna yake.

Jumba ni la Bwana Chen, mfanyabiashara aliyeishi Dodoma miaka mingi kiasi kwamba alikuwa akinunua mbuzi mnadani bila dalali. Mkewe alifariki hapa na akazikwa hapa. Huyo mama alikuwa akimsimulia kila siku juu ya hekalu la kijijini kwao, ukumbi mkubwa wa mbao ambamo alicheza utotoni mvua ikinyesha. Mumewe akaamua kumjengea mfano wake kwenye kiwanja chao, mahali ambapo mtu yeyote anaweza kuingia akakaa. Ndipo akamleta fundi kutoka kwao, Mzee Guo, ambaye baba yake na babu yake walikuwa wakitengeneza mahekalu.

Nilikutana na Mzee Guo stesheni ya Gulwe. Nilikuwa nimekwenda kumwezekea kaka yangu nyumba. Mvua zilikuwa zimekata reli, kama kawaida yake pale, na treni ya mizigo ilikuwa imelala stesheni na magogo ya mtiki. Nikaona mzee mfupi wa Kichina mwenye kofia ya ukindu amepanda juu ya magogo na jiwe mkononi. Anagonga gogo, anatega sikio, anasogea. Anagonga lingine.

Kina mama wa chai walikuwa hawana mbavu. "Jamani, anamwamsha nani huyo?"

Nikasogea. Chini ya behewa alisimama binti mmoja, Neema, aliyesomea Kichina chuoni hapa hapa Dodoma na ndiye aliyekuwa mkalimani. Mzee akanitazama, akanipa jiwe. Nikapanda, nikagonga. Gogo likalia *ko*, kama mlango wa ghala. Akanionyesha la jirani. Hilo likaitika *bu*, kama gunia la mtama. Akatikisa kichwa, akalipiga alama ya chaki. Lilikuwa limeoza katikati, na kwa nje huwezi kujua.

"Shikamoo, baba," Neema akasema. "Anauliza kama wewe ni seremala."

"Marahaba, mwanangu. Mwambie ndiyo. Amejuaje?"

Wakazungumza. "Anasema watu wote hapa wanamtazama yeye. Wewe peke yako ulikuwa unalitazama gogo."

Wiki iliyofuata nilikuwa kazini kwake. Kaka yangu alinisusa kwa muda, kwa kuwa paa lake nililiacha upande mmoja, lakini hayo ni ya ukoo wetu.

Nilipofika nilikuta seremala mwingine ameshaajiriwa, Bi Zaituni wa Haubi, kule Kondoa. Baba yake alikuwa fundi wa milango na vitanda, hakujaliwa mtoto wa kiume, akamfundisha binti. Mwanamke wa maneno machache mwenye patasi kali kuliko wembe. Mzee Guo aliziangalia patasi zake kabla hajamwangalia usoni, akamwajiri papo hapo. Mimi nilifanywa msimamizi wa mafundi wenyeji kwa sababu ya umri.

Siku ya kwanza nilibishana na mzee kuhusu nguzo. Sisi nguzo tunaichimbia chini. Yeye aliwaambia wachonga mawe wamtengenezee vikalio vya mawe ya milima yetu hii hii, akasimamisha kila nguzo juu ya jiwe lake, basi. Haikufungwa na kitu chochote.

"Mwambie huku kuna upepo," nikamwambia Neema. "Mwezi wa nane unaezua mabati."

Mzee akajibu kwa utulivu huku akinoa randa. "Anasema paa lake ni zito," Neema akatafsiri. "Paa ndilo linalokalia nguzo zisiende popote. Na anauliza, mti ukiuchimbia chini hapa kwenu, mchwa wanauacha?"

Mchwa wa Dodoma mnawajua. Ukisahau ufagio ukutani ukasafiri, ukirudi unakuta udongo wenye umbo la ufagio.

Sasa kuhusu ile kazi isiyo na misumari. Juu ya kila nguzo kunakaa kipande cha mti kilichochongwa kama kinu kidogo. Ndani ya kinu unalaza mkono wa mbao unaokwenda kushoto na kulia, na mwingine unaoukatiza kwenda mbele na nyuma. Juu ya mikono unaweka vinu vingine, na juu yake mikono mirefu zaidi, mpaka rundo zima linafunguka kama ngumi inayokunjuliwa. Hilo rundo ndilo linalobeba ukingo wa paa utokeze mbali, ili mvua isiguse nguzo. Wao wana jina lake. Sisi tuliliita mabega, na hata Mzee Guo akaishia kusema "mabega".

Kila kipande kina ulimi na kila ulimi una tundu lake. Sikilizeni hapa, maana hili litawafaa hata kwenye kitanda. Ulimi ukiingia kwa mkono mpaka mwisho, umelegea. Ukigoma mwanzoni usiupige, utapasua tundu. Uingie kwa mkono mpaka nusu, iliyobaki uimalize kwa nyundo ya mti. Na ukigoma hujui umekwama wapi, upake ulimi masizi ya sufuria, uingize, uutoe. Palipokwaruza patajionyesha. Ondoa hapo tu. Mzee Guo alikuwa akipitisha kidole kwenye tundu nililolichonga asubuhi nzima, kisha anasema neno la kwanza la Kiswahili alilolijua: "Bado." Nilifika mahali nikawa nalisikia usingizini.

Msidhani alikuwa mtu wa kununa. Alikula mlenda kwa sauti kubwa akaomba tena. Wagogo wenzangu aliwaamkia "mbukwenyi" kila asubuhi, na wakiitikia anacheka kama mtu aliyewasha redio iliyoharibika ikakubali. Jioni alituonyesha kwenye simu picha za kumbi za wafalme wao wa zamani, zilizopandishwa juu ya majukwaa ya mawe meupe, nguzo nene ambazo watu wawili hawazikumbatii zikaisha. Bwana Chen alipoona zile picha alitaka vigae vya njano kama vya wafalme. Mzee akakataa kabisa. Vigae vya njano kwao vilikuwa vya mfalme, na yeye hakuja kujenga ikulu.

"Mwambie bosi ikulu iko Chamwino," nikasema, na hata Bwana Chen akacheka. Vikaletwa vya kijivu.

Tulisimamisha nguzo, tukapanga mabega, tukapandisha boriti za juu na mti wa kipaa, ule wa kileleni. Zikabaki pembe. Pembe za paa lile ndiyo kazi yenyewe. Kila pembe inatoka nje kwa mshazari, inabebwa na mabega yanayotazama pande tatu kwa mpigo, halafu inapinda kwenda juu. Mzee Guo alizifanya za mashariki, ya kaskazini na ya kusini, kwa mkono wake. Tulimshikia mbao, tukachonga alivyotuambia, lakini hesabu alikuwa nayo kichwani. Upande wa mashariki ukaezekwa vigae. Ulikuwa mzuri mpaka wapita njia wanasimamisha pikipiki kuangalia.

Asubuhi moja alikuwa ameinama ananoa patasi. Nikaona patasi imeanguka naye haiokoti. Nilipomgeuza, uso upande mmoja ulikuwa umelegea na maneno yalitoka kama uji. Tulimbeba mimi na Bi Zaituni mpaka kwenye gari. Kiharusi. Alilazwa, binti yake akaja kutoka China, na alipopata nguvu kidogo akamrudisha nyumbani. Siku ya kuondoka nilimwamkia "mbukwa", akanyanyua ule mkono mzima. Kusema hakuweza.

Tukabaki na jumba lenye nusu paa, na mawingu ya Novemba yameanza kujikusanya.

Injinia wa kampuni iliyokuwa ikisimamia ujenzi alikuwa kijana muungwana, na alichopendekeza hakikuwa cha kipumbavu. Mvua ilikuwa inakuja, fundi hayupo. Upande wa magharibi umalizwe kwa zege, upakwe rangi nyekundu, kutoka chini hakuna atakayejua. Bwana Chen alisikiliza akiwa ameketi kwenye gogo, akasema sawa, kwa sauti ya mtu ambaye amechoka kufiwa.

Usiku sikupata usingizi mzuri. Asubuhi nilimkuta Bi Zaituni ameshafika, anatazama juu.

"Baba Rehema," akaniambia, "wewe unakubali hilo zege?"

"Nani atachora hizo pembe, mama? Hesabu ameondoka nazo."

"Pembe mbili ziko pale. Zimetulia, hazikimbii. Tupande tuzipime."

Tulikwenda wote wawili kwa Bwana Chen. Mimi nilitoa hoja, Bi Zaituni alisimama pembeni na mikono nyuma. Nilimwambia atupe pembe moja tu. Tukiiharibu, zege limwagwe, nami nitashika koleo. "Mke wangu," akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni, "hapana penda zege." Kisha akamwambia injinia asubiri.

Tulipanda pembe ya kaskazini mashariki tukanakili kila kipande kwenye plaiwudi. Siku nyingi za kulala chali juu ya jukwaa, vumbi machoni. Tukachonga vipande vyote vya mninga, vikalingana na violezo vizuri mno. Tukavipanga chini, kwenye mkeka, kujaribu kabla ya kupandisha.

Pembe ilitazama ndani ya nyumba.

Nikazunguka upande wa pili, labda mimi ndiye niliyesimama vibaya. Ilitazama ndani. Tulikuwa tumesahau kwamba magharibi ni kioo cha mashariki, na kila kiolezo kilitakiwa kugeuzwa. Bi Zaituni, ambaye sikuwahi kumwona akicheka, alikaa chini akacheka mpaka mtandio ukamwanguka. Mimi nilitaka kulia. Mbao zile hazikuwa za kuchezea.

Aliyetuokoa ni yule injinia. Alichukua pakiti ya biskuti, akaiweka mezani, akaandika alama kwenye kona moja. Akaizungusha pakiti taratibu. "Mzee," akasema, "kona ya kaskazini mashariki ukiizungusha hivi, inaangukia kusini magharibi. Haijapinduka. Hamjaharibu kitu. Mmetengeneza pembe ya kusini wakati mlikusudia ya kaskazini." Tukavibeba vile vipande mpaka upande wa kusini, tukavijaribu chini ya mahali pake. Vilitazama nje, vyote. Nilimkumbatia yule kijana na jasho langu lote.

Tangu siku ile kila kiolezo changu kina neno NJE na neno JUU, pande zote mbili. Na nyinyi andikeni.

Ugomvi wa kweli ulikuja baadaye, tulipofika kwenye ule mti mkubwa wa mshazari unaobeba ncha ya pembe. Nilisema tuupandishe sawasawa na wa mashariki. Bi Zaituni alisema tuuinue zaidi.

"Mama, sisi tunanakili. Hatubuni."

"Nani amebuni? Ule wa mashariki umeshuka."

"Umeshuka lini?"

Alinichukua mpaka mashariki, akanikalisha kwenye shina la mkwaju lililokatwa. "Mzee Guo alipomaliza pembe hii, nilikuwa nakaa hapa kula. Nilikuwa naona bomba la jukwaa chini ya ncha. Vigae vilipowekwa, bomba likazibwa. Sasa unaliona?"

Sikuliona. Ncha ilikuwa imelifunika. Vigae vilikuwa vimeikalia pembe ikashuka, naye mzee bila shaka alilijua hilo tangu mwanzo. Tukinakili ilivyo sasa, yetu itashuka tena, na jumba litainama upande mmoja kama mtu aliyebeba ndoo. Lakini ni kiasi gani cha kuinua? Hilo hakuna aliyelijua. Bi Zaituni akasema mti wetu haujakauka kama ule wa mzee, utalala zaidi, kwa hiyo tuongeze juu ya kuongeza. Nilikuwa msimamizi. Ningeweza kusema hapana na mambo yakaisha. Nilimtazama, nikaona hana wasiwasi hata kidogo, na mimi nilikuwa nao tele. Nikasema, "Fanya."

Pembe ilipokamilika Bwana Chen alikuja, akarudi nyuma hatua kadhaa, akakunja uso. Hata kipofu angeona. Magharibi ilikuwa juu.

"Hii ishushwe," akasema. Injinia naye akatikisa kichwa.

Nikamwomba Neema apige simu kwa Mzee Guo, simu ya picha. Binti yake akapokea. Tukamwona mzee kitandani, amekonda, shuka mpaka kifuani. Alipotuona jicho moja likacheka. Neema akaelekeza simu juu, akaipitisha taratibu kwenye pembe. Mtandao ukakwama, tukaona shavu lake limeganda kwa muda. Ukarudi. Alikuwa anajaribu kusema. Binti yake aliinamisha sikio kwenye mdomo wake, akamwambia Neema kwa Kichina, Neema akasikiliza akiwa amefumba macho.

"Anasema msiishushe."

Bwana Chen akasogea karibu na simu.

"Anasema ngojeni vigae. Na anauliza nani aliyeamua kuiinua."

Watu wakanigeukia mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa mkubwa. Niliona aibu ya ajabu, ile ya kupewa sahani isiyo yako mezani kwa watu. Nikamshika Bi Zaituni bega nikamsogeza mbele ya simu.

"Huyu," nikasema. "Mimi nilikataa."

Mzee akajaribu kulitamka jina lake, likavunjika, akajaribu tena, "Sai-tu-ni", mpaka yeye mwenyewe akaridhika. Bi Zaituni akamgeukia Neema. "Mwambie pole na ugonjwa," akasema. "Mwambie patasi zake nazinoa."

Pembe ya pili tuliifanya kwa namna ile ile. Tukaweka vigae, safu kwa safu, na kila jioni tulisimama chini kuangalia, watu wazima tukinyoosha vidole kama wanaotafuta mwezi wa Idi. Mbao zililia usiku na mchana, *kwa, kwa*, zikikaa mahali pake. Safu ya mwisho ilipomalizika tulitandaza mpira wa maji wa kupimia usawa kutoka pembe hadi pembe, Bi Zaituni magharibi, mimi mashariki, tukangoja maji yatulie. Magharibi ilikuwa imebaki juu kwa upana wa kidole.

Bi Zaituni alikasirika, ila tukapiga simu. Mzee alipoambiwa ni kidole kimoja, mabega yakamtikisika. Alikuwa anacheka. "Anasema hata kati ya baba yake na yeye kulikuwa na kidole," Neema akatafsiri. Kisha akatulia kusikiliza zaidi. "Anasema kwao fundi akimaliza pembe anaandika jina lake kwa wino, chini ya ule mti mkubwa, mahali ambapo halionekani mpaka siku paa litakapofumuliwa. Lake liko mashariki. Anataka huku aandike Zaituni."

Tulimletea wino wa mzee na brashi yake. Mvua ya kwanza ilikuwa imeanza kudondoka, matone makubwa yanayotimua vumbi, na sisi wote tukakimbilia ndani, Bwana Chen katikati yetu, tukawa tunatazama juu. Bi Zaituni alipanda jukwaani peke yake, akajilaza chali chini ya pembe. Brashi ikasimama hewani, nami nikakumbuka kwamba kwenye daftari la mishahara jina lake nilikuwa naliandika mimi. Nikampigia kelele kutoka chini, "Mama, nikutajie herufi?"

"Niache, Baba Rehema," akajibu bila kugeuka. "Hili naliandika mwenyewe."